Seva yetu ya mwaka 2011 bado inawaka: tuihame vipi bila kufunga maduka?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya familia inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla jijini Mwanza, yenye matawi mawili, moja Geita na jingine Bukoba. Kazi zetu zote za hesabu, yaani ankara za wateja, bidhaa zilizopo stoo, madeni na mishahara, zinategemea seva moja iliyonunuliwa mwaka 2011, ambayo imekaa kwenye kichumba nyuma ya ofisi yangu. Inatumia Windows Server 2008 R2, na kanzidata yake, yaani programu inayotunza data zote, ni SQL Server 2008 R2. Programu ya hesabu tuliandikiwa na kijana mmoja ambaye sasa anafanya kazi nje ya nchi. Simu anapokea akipata nafasi, lakini hana tena mkataba nasi. Matawi huifungua programu hiyohiyo kwa kuingia kwenye seva kwa mbali kupitia intaneti.

Fundi wetu wa TEHAMA, ambaye huja mara moja kwa wiki, anasema matoleo hayo yamekwishaachwa na mtengenezaji na kwamba tunajitafutia balaa. Ameleta makadirio ya kuhamisha kila kitu kwenda kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, pamoja na kununua programu mpya ya hesabu, kazi yote ifanyike wikiendi moja. Muuzaji mwingine anataka kutuuzia seva mpya, na anaahidi kunakili kila kitu kama kilivyo. Mkurugenzi wetu, ambaye sote tunamwita Mzee, anasema mashine haijawahi kumwangusha hata siku moja na kwamba fedha hizo afadhali zikanunue bati. Kila jioni mimi hunakili folda ya programu kwenye diski ya nje, ambayo naiweka kwenye droo yangu.

Naomba unisaidie kujua tuanzie wapi, kama tunaweza kubaki tulivyo kwa mwaka mmoja zaidi, kama wingu linatufaa, na namna ya kumweleza Mzee akanielewa.

Mhasibu, Mwanza

JIBU

Ndugu Mhasibu,

Makadirio yote mawili uliyoletewa yanaanzia mwishoni. Mmoja anakuuzia wingu, mwingine anakuuzia seva, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama diski iliyomo kwenye droo yako inaweza kufufua hesabu za kampuni endapo mashine hiyo itazimika kesho asubuhi na isiwake tena. Ushauri wangu karibu wote umesimama juu ya swali hilo, kwa sababu kuihama seva iliyopitwa na wakati, ukiondoa manunuzi, ni kurejesha nakala ya kazi zenu kwenye mashine nyingine, na ofisi iliyokwisha kufanya hivyo siku ya kawaida haitatetemeka siku ya kuhama. Lipo hata hivyo jambo moja lisiloweza kusubiri mpango wowote, nalo ni namna matawi yenu yanavyoingia.

Kama mlango namba 3389 ulifunguliwa kwenye ruta ili Geita na Bukoba waingie moja kwa moja, na ndivyo ilivyofanyika katika ofisi nyingi za wakati ule, basi mlango huo uko wazi kwa dunia nzima. Tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitangaza udhaifu uliokuja kujulikana kwa jina la BlueKeep, uliomo ndani ya huduma hiyohiyo ya kuingia kwa mbali, unaomwezesha mshambuliaji kuendesha amri zake kwenye mashine bila kuwa na jina wala nywila. Windows Server 2008 R2 ni miongoni mwa matoleo yaliyotajwa. Windows Server 2012 na yaliyofuata hayakuguswa. Kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu huo, kilitolewa siku hiyohiyo, na kwa kuwa toleo lenu lilikuwa bado linahudumiwa, fundi anaweza kuangalia kwa dakika chache kama kiliwekwa. Kikiwepo au kisiwepo, mlango huo ufungwe wiki hii, na matawi yapitie kwanza kwenye VPN, yaani njia ya faragha iliyolindwa ndani ya intaneti, ambayo ruta nyingi za ofisi zinayo ndani yake, ndipo yaifikie seva. Kazi hii ni ndogo na haihitaji idhini ya bajeti kubwa. Mkiishia hapo tu mwezi huu, bado mtakuwa mmepunguza sehemu kubwa ya hatari.

Kuhusu kubaki mlivyo kwa mwaka mmoja zaidi, tarehe zenyewe zinajibu. SQL Server 2008 R2 iliachwa tarehe 9 Julai 2019, na Windows Server 2008 R2 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Waliotaka kuendelea kupata viraka vya usalama kwenye seva zao za ofisini waliuziwa nyongeza ya miaka 3, iliyokwisha Julai 2022 kwa SQL Server na Januari 2023 kwa Windows. Kwa hiyo mwaka mmoja zaidi unaoufikiria haupo sokoni. Kila udhaifu unaogunduliwa sasa unabaki wazi katika mashine yenu moja kwa moja. Anayedhani hilo ni jambo la nadharia aikumbuke WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichofunga mafaili na kudai fidia katika nchi nyingi kwa siku moja, na kilichovuruga hospitali za huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza hata wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Walioumia walikuwa wamechelewa kwa miezi miwili tu kuweka kitu kilichokuwapo; ninyi mnasubiri kitu ambacho hakitakuja.

Sasa turudi kwenye droo yako. Unasema kila jioni unanakili folda ya programu. Fungua diski hiyo leo na utazame kama ndani yake kuna faili lenye kiishio cha .bak na tarehe ya jana. Ninauliza hivyo kwa sababu SQL Server inapokuwa inafanya kazi huyashikilia mafaili yake ya data, yale yenye viishio vya .mdf na .ldf, na Windows hukataa kuyanakili. Mtu anaweza kunakili folda kila jioni kwa miaka mingi, akaona mstari wa kijani ukisogea hadi mwisho, kumbe amekuwa akibeba programu, fomu za kuchapishia na picha ya nembo ya kampuni, na ankara zenyewe hazimo. Nakala halali ya kanzidata hutolewa na SQL Server yenyewe kwa amri yake ya kuhifadhi. Ikiwa faili la .bak halimo, usimlaumu mtu. Mwite fundi leo, atoe nakala kamili ya kwanza, na nyingine ihifadhiwe nje ya jengo hilo. Mpaka nakala hiyo ipatikane, nakusihi seva isizimwe wala isisogezwe, hata kwa ajili ya kufuta vumbi, kwa maana diski zilizozunguka kwa miaka mingi mfululizo mara nyingine hugoma kuanza tena zikishapoa.

Nakala ikipatikana, fundi atafute kompyuta yoyote yenye nguvu ya kutosha, aweke Windows Server 2022 na SQL Server 2022 za majaribio, ambazo Microsoft huzitoa kwa siku 180 bila malipo, kisha arejeshe nakala hiyo humo, mashine ikiwa imetengwa na mtandao wa ofisi. SQL Server 2022 inaweza kupokea moja kwa moja nakala iliyotoka toleo la 2008 R2, na inaweza kuiendesha kwa kiwango cha ulinganifu cha 100, ambacho ndicho cha zama za kanzidata yenu, hivyo programu ya zamani isishtukie mabadiliko mengi. Hapa ndipo mengi yatakapojitokeza, na ni heri yajitokeze wakati maduka yanaendelea kuuza kwenye seva ya zamani. La kwanza mtakaloliona huenda likawa kwamba kanzidata imefunguka vizuri lakini hakuna mtumiaji anayeweza kuingia. Sababu ni kwamba nywila za watumiaji wa SQL zinakaa katika ngazi ya seva, hazisafiri ndani ya faili la .bak, zinapaswa kutolewa kwa hati maalumu na kuundwa upya upande wa pili. La pili ni kwamba jina la seva ya zamani, au anwani yake ya IP, limeandikwa ndani ya programu katika kila kompyuta ya kaunta. Siku hiyo mtamhitaji yule kijana aliye nje, na ni vizuri mmlipe kwa kazi hiyo kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja pia kwamba atawakabidhi msimbo wa programu. Mkimfuata akiwa bado anapokea simu mtaelewana bei. Mkimfuata siku seva imekufa, bei ataipanga yeye.

Jambo ambalo fundi hawezi kulithibitisha ni kama hesabu ni zilezile, na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Chapisha urari wa mwisho wa mwezi uliopita kutoka seva ya zamani, pamoja na orodha ya wadaiwa kwa umri wa madeni na thamani ya bidhaa zilizopo stoo kwa kila tawi, kisha toa ripoti hizohizo kwenye mashine ya majaribio na uzilinganishe hadi senti. Usiridhike na jumla kuu peke yake. Chukua wateja kadhaa wenye madeni makubwa, fungua leja zao ankara kwa ankara, na tazama tarehe zimeandikwaje, kwa sababu seva mpya iliyowekwa kwa mpangilio wa Kimarekani inaweza kusoma tarehe 3 Aprili kama tarehe 4 Machi, na urari bado ukalingana kabisa huku deni likihesabiwa limechelewa kwa mwezi mzima. Wewe ndiye utakayetia sahihi kwamba kazi imekamilika. Fundi akikwambia mfumo unafungukia vizuri, mjibu kwamba hilo ni jambo jema, kisha umwombe urari.

Wakati jaribio hilo linaendelea, chukua daftari uzunguke ofisini ukiuliza kila mtu ni kitu gani anachokitumia kinachoigusa ile mashine. Seva ya miaka mingi huwa imebeba kazi ambazo hakuna aliyeziandika popote. Inawezekana ndiyo inayozigawia kompyuta zote anwani za mtandao, na ndiyo inayothibitisha watumiaji asubuhi wanapoingia. Inawezekana meneja wa stoo ana faili lake la Excel linalovuta data moja kwa moja kutoka kwenye kanzidata. Mashine kubwa ya kunakilia inayoskani hati na kuzitupa kwenye folda ya seva nayo huwa mtego: nyingi za zamani zinatumia itifaki ya SMB (utaratibu wa kompyuta kupeana mafaili) toleo la kwanza, ileile iliyopitiwa na WannaCry, na Windows Server mpya huja bila itifaki hiyo. Kompyuta yenye Windows XP, kama bado ipo moja kwenye kaunta, nayo haijui itifaki nyingine zaidi ya hiyo. Atatokea mtu wa kupendekeza kwamba itifaki hiyo ya zamani iwashwe kwenye seva mpya ili mambo yaende haraka. Mkatalieni, badilisheni kompyuta hiyo ya kaunta, na hati za kuskani zipelekwe kwa barua pepe.

Mashine za EFD, yaani zile za kutolea risiti za kodi, ziwekeni katika mstari wake wa peke yake kwenye daftari hilo. Ikiwa programu yenu huzipelekea mauzo moja kwa moja, basi kiunganishi kati ya programu na mashine hizo kinapaswa kupatikana kwa toleo jipya la Windows, na mwenye jibu ni yule aliyewauzia mashine. Wala msijaribu kwa kuchapisha risiti za uongo, kwa kuwa kila risiti ya kifedha inayotoka huhesabiwa na kuingia katika ripoti ya Z ya siku, nawe utabaki na kazi ya kueleza mauzo ambayo hayakufanyika.

Baada ya hayo tunaweza kuzungumzia cha kununua. Pendekezo la fundi wenu lina kasoro moja kubwa, nalo ni kubadilisha mahali pa kazi na programu ya hesabu kwa wakati mmoja, tena wikiendi moja. Takwimu zisipolingana Jumatatu, hamtajua kama kosa limetokana na kuhamisha data, au na programu mpya inayokokotoa wastani wa bei ya bidhaa kwa njia nyingine, au na wafanyakazi ambao hawajazoea skrini mpya. Hameni kwanza na programu ileile. Ikiwa mnataka nyingine, na huenda mkahitaji kwa sababu programu inayotegemea mtu mmoja aliye mbali haina maisha marefu, ianzeni mwanzoni mwa mwaka wa hesabu, salio la kufungulia likiwa safi. Muuzaji wa pili, anayeahidi kunakili kila kitu kama kilivyo, ana kasoro tofauti. Kuna namna ya kuigeuza seva nzima kuwa mashine pepe na kuiendesha ndani ya seva mpya. Microsoft yenyewe ina programu ndogo ya bure iitwayo Disk2vhd kwa kazi hiyo. Ni njia nzuri ya kuepuka diski kuukuu, na mimi ningeitumia ili kuwa na nakala ya seva ya zamani ya kurudia mambo yakienda kombo, lakini kilichomo ndani kinabaki Windows Server 2008 R2 ileile isiyopata kiraka. Mkiishia hapo, mmenunua chuma kipya cha kuendeshea tatizo lilelile.

Kuhusu wingu, sina ugomvi nalo, ila kwa biashara yenu nisingeanza na kaunta. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Vituo vya Microsoft na Amazon vilivyo karibu nasi zaidi viko Afrika Kusini, huko Johannesburg na Cape Town, na katika siku kama zile duka linaloandika ankara kwa kupitia huko linarudi kwenye kitabu cha mkono. Seva ikiwa Mwanza, tawi la Mwanza linaendelea kuuza hata intaneti ikikatika, na Geita na Bukoba zinakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuifikia kwa mtandao wa ndani ya nchi. Wingu linawafaa mara moja kwa barua pepe na kwa kuhifadhi nakala rudufu iliyofungwa kwa nywila, maana nakala iliyoko kwenye droo itaungua pamoja na seva moto ukitokea. Kumbuka tu kwamba kanzidata hiyo ina mishahara na taarifa za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mwanasheria wenu aisome kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa wingu.

Katika kuchagua toleo, tazameni mwisho wake kabla ya bei yake. Mtu anaweza kuwauzia Windows Server 2016 kwa bei ya kutupa, na huduma yake inakoma tarehe 12 Januari 2027. Ya 2019 inakoma tarehe 9 Januari 2029, na ya 2022 tarehe 14 Oktoba 2031. Lipo toleo la 2025 lenye maisha marefu zaidi, lakini kama seva yenu ndiyo inayosimamia watumiaji wa ofisi, seva mpya ya usimamizi ya toleo la 2025 haikubali kujiunga na mfumo ambao haujafika angalau kiwango cha 2016, kwa hiyo ingebidi mpitie toleo la katikati. Hata toleo la 2022 litataka kwanza mfumo wa zamani wa kunakiliana mafaili ya usimamizi, kama bado unatumika, ubadilishwe, jambo ambalo fundi alifanye mapema, si usiku wa kuhama. Kwa ofisi ya ukubwa wenu mimi ningechukua 2022. Leseni huhesabiwa kwa kiini cha prosesa, na kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila seva hata kama prosesa ina 8; juu yake kuna leseni za kila mtumiaji au kila kompyuta, na juu ya hizo kuna nyingine tena za wanaoingia kwa mbali, yaani matawi yenu. Makadirio yasiyotenganisha mafungu hayo matatu yarudishwe kwa aliyeyaandika. (Na leseni zinazouzwa kwa bei ya soda, zikitumwa kwa WhatsApp, sizizungumzii.) Kwa upande wa kanzidata, fundi aangalie ukubwa wake: ikiwa haijafika GB 10, na haioneshi dalili ya kufika hivi karibuni, SQL Server 2022 ya Express, isiyolipiwa, inaweza kuwatosha, ingawa haina kipanga kazi cha ndani, hivyo nakala za usiku zitapangwa kwa kipanga kazi cha Windows.

Tarehe ya kuhama ipange wewe kwa kalenda ya kodi. Ritani ya VAT inawasilishwa kabla au ifikapo tarehe 20, na mwisho wa mwezi una mishahara, hivyo wikiendi inayofaa ni ile inayofuata tarehe 20 na kuacha siku kadhaa kabla ya mwezi kuisha. Jumamosi mkifunga maduka, uingizaji wote usimame na watumiaji wote watoke. Nakala ya mwisho itolewe, irejeshwe kwenye seva mpya, nawe ukae na urari wako. Andikeni mapema saa ya kuamua, tuseme Jumapili saa 10 jioni: kama kufikia saa hiyo takwimu hazijalingana au tawi moja haliingii, mnairudia seva ya zamani bila mabishano na Jumatatu mnauza kama kawaida. Mnapoamua kuendelea, seva ya zamani itolewe kwenye mtandao saa hiyohiyo. Ofisi ikiacha zote mbili zikiwaka, kuna kompyuta moja mahali fulani itakayoendelea kuandika ankara kwenye ile isiyotakiwa, na kuziunganisha baadaye ni kazi ya mkono.

Kuhusu Mzee, nakuomba usimpelekee hadithi za wadukuzi. Hoja yake kwamba mashine haijawahi kumwangusha ni ya kweli, na kumbishia ni kumvunjia heshima bila sababu. Muulize maswali mawili, tena kwa nafasi yake, si mbele ya muuzaji. La kwanza: Mzee, seva ikizimika asubuhi, maduka yetu matatu yanaweza kuuza kwa daftari kwa siku ngapi kabla hatujaanza kupoteza wateja wa mkopo? La pili: ikirudi, tuko tayari kuingiza upya ankara za muda gani? Mfanyabiashara anayajibu maswali hayo vizuri kuliko fundi yeyote, na majibu yake ndiyo yatakayopanga matumizi. Akisema siku moja, mnahitaji mashine ya akiba iliyo tayari. Akisema wiki, seva moja nzuri na nakala zinazojaribiwa zinatosha. Kwa swali la pili, akisema hata ankara za nusu siku ni hasara, basi nakala ya jioni peke yake haitoshi, na kanzidata mpya ipangwe kuhifadhi kumbukumbu zake kila saa. Kisha mwoneshe tokeo la lile jaribio la kurejesha, hata likiwa baya. Likiwa baya litamwonesha hali halisi kuliko maneno yangu na yako, na likiwa zuri utakuwa umekwisha kufanya nusu ya kazi kabla hajatoa shilingi ya seva.

Seva ya zamani isiuzwe wala isigawiwe mara baada ya kuhama. Iwekeni imezimwa, nje ya mtandao, mpaka ukaguzi wa mahesabu wa mwaka huo upite, wakaguzi wakiwa wamepata kila walichokitaka kutoka kwenye seva mpya. Nyaraka za kodi zinatakiwa kutunzwa kwa angalau miaka 5, lakini ziwe ndani ya kanzidata mpya na nakala zake, msiitegemee ile mashine kuwaka tena. Ukaguzi ukishapita, chuma kinaweza kwenda kwa fundi wa vipuri. Diski zake zitolewe kwanza na zitobolewe kwa drili, nawe ukiwa umesimama hapo.